Sweta Ndani ya Shati

Upepo wa Juni hapa Sumbawanga hupenya hata kuta za matofali ya kuchoma. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule ya serikali iliyozungukwa na nyumba za mageti. Watoto wa nyumba hizo walipanda basi kila asubuhi kwenda shule za kulipia. Waliokuja kwetu walikuwa watoto wa watumishi wao.

Asubuhi moja binti wa mfua nguo alikuja na sweta zito, lililoachwa na mtoto wa bosi wa mama yake. Kifuani lilikuwa na nembo ya shule nyingine. Mwalimu mkuu alimsimamisha mstarini na kumwamuru alivue.

"Shikamoo, mkuu," nilisema. "Mtoto anatetemeka."

"Marahaba. Sare ndiyo inayowafanya wawe sawa, mwalimu. Chuoni hawakukufundisha?"

Walinifundisha, nami niliamini. Nikampeleka binti darasani, nikamwambia alivae ndani ya shati. Vifungo vya tumboni vilikataa kufunga.

"We, umenenepa lini?" mwenzake alimtania.

"Leo! Si nimekula ubwabwa kwa bosi?" alijibu, na darasa zima likacheka.

Mkuu akapita dirishani, akatazama, hakuona nembo, akaridhika. Mtoto alikuwa ameacha kutetemeka. Nilishika chaki na kuanza somo, nikiwa nimechoka kama mtu aliyelima tangu alfajiri, ilhali saa mbili ilikuwa bado haijatimia.