Weupe wa Ukurasa wa Tisa

Harufu ya rangi ya maji inayokaukia juu ya jiko la mkaa sijaikuta mahali pengine popote. Ina utamu kidogo wa gundi na uchungu wa moshi, na katika nyumba yetu ya Matogoro, msimu wa mvua nilipokuwa darasa la tano, ilichanganyika na harufu ya mablanketi yasiyokauka. Mvua za Songea zikishaanza hazina adabu. Zinaweza kukaa siku nne mfululizo, vilima vikapotea kabisa nyuma ya ukungu, nguo zikaota madoa kwenye kamba ya ndani. Karatasi nayo hunywa unyevu huo. Ndiyo maana mama yangu, Mwalimu Otilia, kila akimaliza kupaka eneo moja alikuwa akiishika karatasi kwa ncha za vidole, akaisogeza juu ya jiko taratibu, mbele na nyuma, uso ameukunja. Karibu sana ingejikunja, na mbali sana rangi ingetiririka. Nilikuwa namtazama kutoka mlangoni nikiwa nimebana pumzi, maana hata kikohozi changu nilikiona kinaweza kuharibu kitu.

Mama alikuwa anafundisha shule ya msingi na alijulikana kwa picha zake za kufundishia, alizozichora kwenye manila na kwenye mifuko ya saruji iliyogeuzwa ndani nje. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani alikuwa amepata kazi kwa wachapishaji wa vitabu Dar es Salaam, akamkumbuka. Akamletea kwa basi kifurushi cha karatasi nene kumi na saba na maelezo ya kitabu cha picha cha watoto chenye kurasa kumi na sita: hadithi ya binti na bibi yake wanaomtafuta kuku aliyepotea. Mama alitakiwa kuchora mandhari tu, yaani mashamba, vilima, nyumba na anga. Mahali pa watu alitakiwa kuacha peupe, kwa sababu rangi ya maji haifuniki kilicho chini yake, na mchoraji mwingine huko Dar angewachora binti na bibi palepale kwenye ule weupe. Haya yote nayajua leo. Wakati ule nilichojua ni kwamba mama ana kazi kubwa, kwamba inatakiwa ipande basi la Jumamosi fulani, na kwamba watoto hawagusi.

Karatasi ya kumi na saba ilikuwa ya akiba, na ilikwenda mapema. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Lusewa, kwenye mashamba ya tumbaku ya Namtumbo, kutuletea maharage, akakaa nasi siku tatu. Siku ya pili mama alimwonyesha ukurasa wa tisa, ambapo alikuwa amechora bani la kukaushia tumbaku, na juu ya paa lake bomba zuri la kutolea moshi. Bibi akaweka kidole kwenye bomba.

"Bani gani hili lenye bomba, mwanangu?" akauliza. "Tumbaku yetu inakula moshi humohumo ndani. Moshi unatoka wenyewe, unapenya kwenye nyasi za paa."

Mama amezaliwa mjini, na mabani alikuwa akiyaona kwa mbali tu, kupitia dirisha la basi. Akacheka kwa aibu. "Ahsante, mama. Watoto wote wa Namtumbo wangenicheka."

"Wangekucheka na kuku wao pia," bibi akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Mama akachukua karatasi ya akiba, akauchora ukurasa wa tisa upya, safari hii moshi ukivuja kwenye nyasi za paa, mwembamba, wa rangi ya majivu. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote. Lakini tangu siku hiyo hapakuwa tena na nafasi ya kukosea, na nyumba nzima ililijua hilo. Baba, aliyekuwa fundi seremala, aliacha hata kupiga misumari uani.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikusemwa mezani. Mama yake mama alipofuka kabla sijazaliwa. Msimu ule, kwa moshi wa jiko na umeme wa kukatika, macho ya mama yalikuwa mekundu, na kila asubuhi nilimwona anasimama mbele ya kalenda ya parokia iliyotundikwa sebuleni. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akasoma tarehe kimyakimya, kisha akafunika la kulia. Baba akimwambia aende hospitali alijibu kwamba mvua zikiisha ataenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, baba alisema, mama akamwambia hana maradhi, ana usingizi. Mimi nilianza kuamka mapema ili nimwone akisoma ile kalenda. Kama midomo yake ilikwenda bila kusita, niliweza kunywa chai. Kama ilisita, niliiacha chai nikaenda shule.

Jumatano ya wiki ya mwisho mama alibaki shuleni kwenye kikao, baba alikuwa amepeleka meza kwa mteja, na bibi alikuwa ameshaondoka. Kazi yangu ilikuwa kulinda picha zilizotandazwa kitandani, paa likianza kuvuja niziondoe. Paa halikuvuja. Nikazitazama moja moja kwa mara ya kwanza nikiwa peke yangu, na nilipofika ukurasa wa tisa nikaona, mbele ya bani, mabaka mawili meupe. Nyasi zilikuja mpaka ukingoni mwake zikakatika. Kwenye kurasa nyingine weupe uliangukia njiani au kwenye kuta za nyumba, nikaudhania mchanga au chokaa. Usiku uliopita nilimsikia mama akimwambia baba kwamba anaogopa hatamaliza, na hapa mbele yangu palikuwa na kazi ambayo haijamalizika. Zaidi ya hapo, mama huyohuyo ndiye aliyekuwa anatufundisha kuchora darasani, na sheria yake ilikuwa moja: usiache karatasi ikichungulia. Picha yenye weupe alikuwa anairudisha bila hata kuitia alama. Nikawaza kwamba macho yake hayakuuona. Huko Dar wangeuona, wangemrudishia kazi yake kama alivyokuwa akiturudishia sisi.

Kuuliza si ujinga, lakini hapakuwa na wa kumuuliza. Nikachukua brashi yake nyembamba. Nikachanganya kijani na manjano na tone la kahawia, kama alivyonifundisha, nikajaribisha kwenye daftari langu mpaka rangi ikalingana. Kisha nikapaka nyasi, unyasi mmoja mmoja, kutoka chini kwenda juu, mkono ukianza mzito na kumalizia mwepesi. Nilichukua saa nzima. Msimu ule wote sikuwahi kutulia kama saa ile. Nilipomaliza hakuna ambaye angeweza kuonyesha mahali nyasi zake zilipoishia na zangu zilipoanzia. Nikaosha brashi, nikakaa mlangoni kusubiri mama aje afurahi.

Alikuja amelowa, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kitandani. Akaokota ukurasa wa tisa. Akakaa. Baba alipoingia nyuma yake, mama hakugeuka.

"Baba Dafroza, njoo uone," alisema, akimwita kwa jina langu. "Nimejaza."

"Umejaza nini?"

"Mahali pa watu. Nimepaka nyasi mahali pa watu, na sikumbuki."

Baba akainama, akatazama. "Labda mtoto amegusa."

"Mtoto gani anachora hivi? Huu ni mkono wangu. Sikuona. Nimepaka na sikuona."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Neno lilikuwa tayari kinywani, na nikiri leo kwamba si woga wa fimbo peke yake ulionizuia. Mama, aliyenirudishia picha zangu mara ngapi sijui, alikuwa ametazama kazi yangu akasema ni mkono wake. Kwa kitambo kidogo nilifurahi, na aibu ya furaha ile ninayo mpaka leo. Kisha mama akanyanyua kiganja, akafunika jicho la kushoto, akageukia kalenda. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Baba akamshika bega, wakabaki hivyo, nami nikatoka nje nikasimama chini ya mchirizi wa mvua.

Siku mbili zilizofuata mama alikwangua nyasi zangu kwa wembe, unyuzi kwa unyuzi, akiinua karatasi kwenye mwanga kuona kama imetoboka. Haikutoboka. Jumamosi kifurushi kilipanda basi. Kitabu kilipotufikia, mwezi gani sikumbuki, binti na bibi yake walikuwa wamesimama mbele ya bani, na miguuni pao kulikuwa na ukijivu hafifu ambao msomaji angeudhania kivuli. Wachapishaji walifurahi, wakaomba mama achore kitabu cha pili. Akawajibu kwamba macho yake hayaaminiki tena. Hakwenda kupimwa, maana aliogopa jibu. Hata zile picha za manila aliziacha, akawa anaandika maneno tu ubaoni. Brashi zake alinipa mimi.

"Mkono wako unakuja vizuri," aliniambia. "Chora wewe."

Nimechora. Leo ndiyo kazi yangu, mandhari ya vitabu vya watoto, hapahapa Songea, kwenye kishikwambi ambacho hakijui mvua wala jiko. Watu wanakaa kwenye tabaka lao na nyasi kwenye tabaka lake, kama karatasi mbili angavu zilizolaliana. Nikikosea nagusa mara moja, kosa limeondoka, na ukurasa unafika Dar kabla chai haijapoa. Vijana ninaowafundisha hawaamini kwamba kulikuwa na karatasi ya akiba moja tu. Mimi bado naamka mapema siku ya kukabidhi kazi, na siwezi kunywa chai, ingawa hakuna kinachoweza kuharibika.

Mwaka huu madaktari wa macho walikuja mjini kupima wazee, nikampeleka mama kwa kumlazimisha. Daktari, msichana mdogo, alimwangalia kwa muda mrefu, akamwambia macho yake ni ya umri wake tu, anahitaji miwani ya kusomea, hana ugonjwa na haonyeshi dalili ya kuwahi kuwa nao. Mama akasema lazima kuna makosa, kuna kitu kilimtokea zamani. Daktari akacheka kwa upole, akaandika namba ya miwani.

Nilimwambia siku hiyohiyo, tulipofika nyumbani. Nilimweleza yote, mabaka meupe, rangi niliyoichanganya, saa nzima niliyokaa, na nilivyosimama karibu yake nikamsikia. Majuto ni mjukuu, na yangu yalikuwa yamekua mpaka yamenizidi kimo. Nilitegemea anikaripie. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na vidole vyake havikusimama kwa muda. Kisha vikasimama.

"Kwa hiyo nilikuwa naona," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii nilikuwa naona."