Rozari Kumi na Moja, na Ile ya Héritier

Kasoki alikuwa katika mwaka wa tano wa kumtunza Madame Verhaegen kule Uccle, mtaa wa Bruxelles, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba kitu. Hata siku jino lilipomvimbisha shavu, alinyamaza mpaka bibi mwenyewe alipomwuliza mbona anakunywa chai kwa upande mmoja wa mdomo. Kwao Butembo, huko Kivu mashariki mwa Kongo, walimwita chungu kilichofunikwa: hakuna ajuaye kinachotokota ndani.

Basi mwezi wa tano wa mwaka 1998, Madame alipomwambia kwamba wangekwenda Italia wiki mbili, yeye, Kasoki na Monsieur Edmond, mdogo wake ambaye angeendesha gari, Kasoki alijibu ndiyo, basi. Madame alikuwa na miaka themanini na miwili na hakuweza kuoga wala kupanda ngazi peke yake. Wangekwenda pole pole, alisema: kwanza miji ya kale, kisha vilima vya mizabibu, mwisho bahari.

"Bila haraka, binti yangu. Haraka zangu nilizimaliza ujanani."

Jumapili Kasoki aliitaja safari hiyo kwenye kikundi cha sala, nyumbani kwa Maman Rolande huko Ganshoren. Aliitaja ili tu wajue kwamba zamu yake ya kupika sombe, majani ya muhogo, mwezi wa sita itabidi mwingine aishike. Laiti angenyamaza kama kawaida yake!

"Italie!" Maman Carine akapiga kofi. Huyu ndiye aliyeongoza nyimbo, na sauti yake haikujua kuwa ndogo. "Basi utamuona Baba Mutakatifu!"

"Hapana, Maman, sisi tunaenda tu kwa vilima vya..."

"Yesu wangu! Kasoki wetu anaenda Roma!"

"Lakini Roma haiko kwa njia yetu."

"Italie bila Roma?" akadakia Tonton Tharcisse, aliyewahi kuwa katekista Bukavu na hakuwa ameacha kufundisha tangu hapo. "Njo kusema umefika Ganshoren lakini Bruxelles haujaiona."

Watu wakacheka, na kicheko kikafunika maneno ya Kasoki. Kabla chai haijapoa, rozari zilikuwa zikimwangukia mapajani: za mbao, za plastiki, moja ya kioo cha buluu iliyofungwa kwa uzi wa kushonea mahali ilipokatika. Kumi na moja. Nani angekataa? Kwa watu wa Kivu msafiri hakatai mzigo. Anayekwenda hubeba, anayebaki hutuma. Hivyo ndivyo dawa, picha na nguo za ubatizo zinavyovuka kutoka uwanja wa ndege wa Zaventem hadi nyumbani. Kukataa punje za rozari kungekuwa sawa na kumnyima mtu maji.

Aliponyanyuka kupeleka vikombe jikoni, Maman Rolande alimfuata na kufunga mlango.

Kasoki hakuwa na mtu mwingine kama huyu. Alipofika Bruxelles bila makaratasi wala koti, ni Rolande aliyempa kochi lake, wakati huo akiishi Saint-Josse juu ya duka la vitambaa, naye Kasoki akalala hapo miezi kumi na minne bila kuulizwa ataondoka lini. Na Kasoki alikuwa amesimama kando yake, mwisho wa mwaka 1996, bahasha ya kutoka Nairobi ilipofunguliwa. Ndani mlikuwa na rozari ya Héritier, mwanawe wa pekee, aliyekuwa seminari Bukavu vita vilipoingia. Mtu aliiokota kwenye njia ya msituni ambako watu walikimbilia. Rozari tu. Hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna aliyeona.

Sasa Rolande aliitoa kifuani, ikiwa na joto la mwili wake.

"Padri anasema nimuandikishe kwa misa ya wafu," alisema. "Mwaka moja na nusu ananiambia. Mie sijaweza, mutoto wangu. Bon. Nimekata shauri hivi: Baba Mutakatifu akiibariki na mukono yake, ikirudi hapa, nitamuandikisha. Nitalia, nitamaliza. Donc, sikia vizuri. Usiniletee ya uongo." Akampa, akatumbukiza mikono kwenye vikombe vyenye sabuni.

Simu ikalia ukumbini. Rolande akakimbia, mikono ikimdondoka povu, akakaribia kuanguka kwenye zulia. Ilikuwa ni Nuru, jirani wa ghorofa ya chini, akiuliza kama ana chumvi. Aliporudi, uso ulikuwa umezimika kidogo, kama ulivyozimika kwa kila simu isiyokuwa ya Héritier tangu siku ile ya bahasha.

"Ndiyo, Maman," alisema Kasoki, na rozari ya kumi na mbili ikaingia mfukoni mwake.

Monsieur Edmond aliendesha kama mtu aliyepakia mayai. Walikaa Lucca siku tatu nzima, na kazi yao ilikuwa kupanda juu ya ukuta mpana unaozunguka mji, kukaa kwenye benchi, na kuhama kivuli kikihama. Madame alitazama paa za vigae na kuvuta pumzi kama mtu anayekunywa. Kasoki alikaa, akasimama, akamrekebisha kofia, akakaa, akamfuta makombo ambayo hayakuwapo. Walipofika Siena, kwenye uwanja ulioinama kama sinia, watu walijilaza chini juani mchana kutwa pasipo aibu, na yeye akawashangaa: watu hawa hawakutumwa na mtu?

Kwenye ukuta wa hoteli palikuwa na ramani. Alipima kwa mkono wakati hakuna aliyetazama. Kutoka Siena mpaka Roma ilikuwa shubiri moja, tena isiyojaa.

Kila asubuhi alijiambia, leo nitasema. Alipanga maneno akimfunga Madame viatu, akayapanga tena akimchana nywele, na kila mara akaishia kuuliza kama chai imepoa. Angeanzaje? Mzee amengoja safari hii tangu kumzika mumewe, na mtumishi aseme, geuza gari? Halafu Monsieur Edmond angeona kibao cha divai barabarani na siku ingekuwa imekwisha.

Kwenye vilima vya mizabibu chakula cha mchana kilianza saa sita na kuisha saa kumi. Kasoki aliosha vyombo visivyomhusu mpaka mama mwenye shamba alipomnyang'anya kitambaa na kumkalisha kwa nguvu mbele ya pichi zilizokatwakatwa. Siku ya nne hapo akatoroka. Alishuka na mfuko wake hadi kanisa la kijiji, akagonga mlango wa padri. Mzee huyo alitoka na kitambaa cha kulia bado kimening'inia shingoni. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Kasoki akamwaga rozari mezani, akafanya ishara ya msalaba hewani. Padri akacheka, akaleta maji ya baraka, akanyunyiza, akamnyunyizia na yeye kwenye paji la uso, akarudi kwenye nyama yake.

Zilikuwa kumi na moja. Ile ya Héritier haikutoka mfukoni.

Wakafika baharini siku ya kumi. Madame alikodi kiti chini ya mwavuli wa milia na kutangaza kwamba hatainuka hapo mpaka Jumamosi, siku ya kurudi. Kasoki alitembea mchangani mbele yake, kwenda na kurudi, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya kumi na moja ikapita hivyo. Siku ya kumi na mbili, wakati wa kahawa, Kasoki alisema kwa pumzi moja:

"Madame, ninaomba siku moja. Niende Roma kwa Baba Mtakatifu."

Kisha akaeleza yote: mfuko, msitu, ahadi. Madame alivua miwani.

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi, Madame."

"Baba Mtakatifu hukutana na watu Jumatano. Jumatano ni jana!" Bibi akapiga mkono wa kiti. "Jana tumeshinda hapa nikihesabu miavuli ya watu! Edmond! Ungetupeleka Roma?"

"Roma?" Monsieur Edmond aliinua uso kutoka kwenye gazeti. "Mara moja. Njia ile ina divai nzuri sana."

"Unasikia? Nilikwenda huko nikiwa msichana, na ningekwenda tena kwa magoti. Siku kumi na mbili unanizunguka kama nyuki, nikadhani hunipendi tena. Mbona hukusema?"

Kasoki aliichukua miwani, akaipangusa. Mlango ulikuwa wazi siku zote. Mkono wake ndio haukuusukuma.

Jumapili ya wiki iliyofuata, kule Ganshoren, mfuko haukupata hata kutua mezani. Maman Carine aliichomoa ya buluu na kuibusu.

"Sema, sema! Baba Mutakatifu alikuwa namna gani? Amezeeka?"

Kasoki angeweza kunyamaza. Kunyamaza tu kungetosha, na kila mtu angekwenda nyumbani na furaha yake. Lakini ulimi uliokwisha kufunguka Alhamisi haukukubali kufungika tena.

"Sikufika Roma, Maman. Zilibarikiwa na padri wa kijiji. Mudomo yake ilikuwa na mafuta ya nyama."

Maman Carine aliitazama rozari yake kana kwamba amebadilishiwa.

"Padri ni padri," alisema Tonton Tharcisse hatimaye. "Maji ya baraka haiulizwi passeport."

"Weye mwenyewe njo ulimutuma Roma!" Maman Carine akamkemea.

Kelele zikarudi. Maman Rolande aliinuka peke yake. Aliingia jikoni, na safari hii Kasoki ndiye aliyemfuata na kufunga mlango. Kwenye meza, chini ya kopo la sukari, palikuwa na bahasha ya misa ya wafu, na jina la Héritier limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa, za mtu aliyeandika akisimama mara kwa mara.

Kasoki aliweka rozari kando ya bahasha.

"Hii haijabarikiwa na mutu yeyote. Niliogopa kuomba, Maman. Nilipoomba, siku ilikuwa imepita. Unisamehe."

Alingoja matusi, au machozi. Rolande aliichukua rozari, akapitisha punje moja moja kati ya vidole, na mabega yake, yaliyokuwa yamekaza tangu wageni walipoingia, yakashuka taratibu kama ya mtu aliyetuliwa mtungi. Akainua kopo la sukari. Akaichukua bahasha, akafungua droo, akailaza chini ya vijiko.

"Bon," alisema. "Basi, bado."

"Maman..."

"Jumatano, unasema?"

"Kila Jumatano."

"Alors tutaenda sisi wawili. Siku moja." Akairudisha rozari kifuani, akaanza kuosha vikombe. "Hapana sasa."

Kasoki alitaka kusema jambo. Je, alikuwa amemtendea mema, au amemrudisha kwenye ile njia ya msituni bila kikomo? Simu ikalia ukumbini. Rolande akamsukuma kando, akakimbia, mikono ikidondosha maji, akijikwaa kwenye zulia lile lile.

Kasoki alishika kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa, sikio lote likiwa mlangoni.