Sabuni ya Unga na Maji ya Majivu

Harufu ya sabuni ya unga iliyozidishwa naitambua hata nikiwa nimefumba macho. Inakwaruza pua kwanza, kisha inashuka kooni na kukaa hapo kama neno lililokataa kutoka. Juma lililopita ndiyo iliyoniinua kitini barazani, hapa mjini Mbinga nyumbani kwa mwanangu. Nilipoingia ndani, povu lilikuwa limekwisha kuvuka mlango wa bafu, linatembea sebuleni taratibu kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Mkwe wangu Editha alikuwa amesimama katikati yake, sketi ameishika kwa mkono mmoja isilowe.

"Nani katia unga humu?" aliuliza. "Nasema, nani katia unga humu?"

Hakunitazama mimi. Alimtazama mke wangu.

Lazima niwaeleze kwamba katika nyumba hii kuna vita ya sabuni. Editha ni mtumishi wa serikali, alihamishiwa huku kutoka Kagera, akaolewa na mwanangu. Mwanzo alikuwa na mashine ya kufulia ya matangi mawili, ile ya kupakia nguo kwa juu. Ile haikuwa na makuu. Ulitia unga wowote, ukatazama nguo zikizunguka, ukiona povu limezidi ulichota kwa kikombe ukamwaga. Mwaka jana akanunua hii nyingine, yenye mlango wa kioo mbele. Hii inatumia maji kidogo, na povu likizidi halina pa kwenda ila nje. Kwa hiyo Editha anaitilia sabuni ya maji, kifuniko kimoja tu, na unga wa kufulia kwa mkono ameupiga marufuku.

Mke wangu hakubali. Anasema sabuni ya maji haing'oi udongo mwekundu wa shambani, inaubembeleza tu. Editha naye anasema kwa baridi yetu ya Juni unga hauyeyuki, unaacha mistari myeupe kwenye suruali nyeusi. Tena mwanangu anaendesha lori la makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka, na grisi ya kwenye ovaroli yake haitoki mpaka uipake sabuni ya maji kwanza uiache ilale. Kusema kweli wote wawili wana haki, na hilo ndilo linalowazuia kuelewana.

Siku ile unga niliutia mimi. Nilitaka shati langu la Jumapili, sikutaka kumwomba mtu, na nilikidharau kile kifuniko kimoja cha majimaji. Nikamimina zaidi ya nusu ya pakiti, nikabonyeza nilipoona wanabonyeza, nikaenda kukaa.

"Mimi?" mke wangu alifoka. "Mimi nikaguse hilo sanduku lako? Miaka yote hii nafua kwa mikono, nimekuja kuiba kufua uzeeni?"

"Mama, mimi sijataja mtu."

"Macho yako yamenitaja!"

Nami nilinyamaza. Nina miaka sabini na ushei, na nilinyamaza vilevile kama nilivyonyamaza nikiwa na miaka tisa.

Tulikaa mlimani wakati huo, Umatengo, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyotazama mashamba ya ngoro. Kwa asiyejua, ngoro ni vile vishimo tunavyochimba kwenye miteremko tukipanda mahindi na maharage kwenye kingo zake, hata mlima mzima ukaonekana kama sega la nyuki. Nyumbani tulikuwa baba, mama, mimi, na bibi yangu, mama yake baba. Baba alikuwa mtu wa kahawa, mpole, asiyetia neno. Mama na Bibi walichukiana waziwazi, bila haya, kuanzia chai ya asubuhi.

Walikuwa na mengi ya kugombania, lakini sabuni ndiyo ilikuwa bendera yao. Bibi alifua kwa maji ya majivu. Alichoma mabua ya maharage yaliyokauka, akaweka majivu yake kwenye chungu kilichotobolewa kitako, juu ya nyasi, akamwagia maji. Matone yakachuruzika rangi ya chai hafifu kwenye chungu cha chini. Jioni alichovya kidole, akakiweka kwenye ncha ya ulimi. Yakiuma sana aliongeza maji; yakiuma kidogo aliyarudisha kwenye majivu. Hakuwa na kipimo kingine. Kisha asubuhi alikwenda nayo kijitoni, kwenye jiwe lenye shimo pana kama sinia, akazikanyaga nguo humo kwa miguu huku akisali rozari. Rozari moja kwa nguo nyeupe, mbili kwa blanketi.

Mama alifua kwa sabuni ya unga, ambayo baba alimnunulia mjini msimu wa kahawa. Aliweka karai uani, akalichapa lile povu kwa mikono mpaka likapanda, akapenda watu wapite walione.

"Unga ni wa ugali," Bibi alisema akipita. "Anayefulia unga atakula nini, povu?"

"Na anayefulia majivu, kwake moto umezimika?"

"Nguo zako zinanuka hospitali."

"Zako zinanuka jiko, Mama. Mtu akikaa karibu nawe kanisani anasikia njaa."

Wapita njia walicheka. Mimi pia nilicheka, upande wa mama. Bibi aligeuka akaniambia lile alilopenda kusema, "Uchafu hautoki kwa kelele."

Jambo moja tu mama hakuweza kumpita. Bibi ndiye aliyefua nguo za altare za kigango chetu, kile kikanisa kidogo ambako padri alifika mara moja kwa mwezi. Aliyakunja yale mashuka meupe yenye misalaba ya uzi mwekundu kama anayemkunjia mtoto nepi. Mama aliyatamani. Alisema wazi kwamba kwa unga wake yangeng'aa kuliko mawingu. Katekista, Mzee Kapinga, alimjibu kwamba nguo ya altare haiombwi kama kazi ya kuchuma kahawa.

Sasa nifike kwangu. Mimi nilikuwa kikojozi. Bibi aliona dawa yake ni aibu. Asubuhi moja ya Jumamosi, wanawake wakiwa wamejaa kijitoni na wenzangu wa darasa la tatu wakichota maji, alinisimamisha ndani ya lile jiwe na blanketi langu, akaniamuru nikanyage.

"Kanyaga, bwana mdogo! Mvua imenyesha kitandani kwako tu, kwa wengine jua!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikanyaga rozari mbili nzima, machozi yakidondokea kwenye maji ya majivu. Jumatatu shuleni jina langu lilikuwa Mvua. Tangu siku hiyo nilimchukia Bibi kwa chuki kamili, isiyo na ufa, kama awezavyo mtoto tu.

Ilikaribia sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango chetu, na padri alikuwa anakuja. Jioni Bibi alichuja maji yake, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafunika chungu na kwenda kuwaombea wagonjwa jirani. Nilingoja hapo. Nilijua kwamba akishaonja haonji tena. Niliingia chumbani kwa mama, nikachukua pakiti ya sabuni ya unga iliyokuwa haijafunguliwa, nikaipasua kwa meno na kuimimina yote ndani ya chungu. Nikakoroga kwa kijiti mpaka povu likalala. Karatasi nikaizika katika shimo la ngoro. Sikutaka kumuua wala kumdhuru. Nilitaka naye achekwe.

Asubuhi aliloweka nguo ya altare, akaikanyaga kwa rozari yake moja. Nilikuwa nyuma ya mgomba, natazama. Alipoinyanyua, ule uzi mwekundu ulikuwa umetoa rangi, umetapakaa kwenye weupe wote. Nguo ya Bwana ilikuwa ya waridi kama kanga ya arusi.

Bibi hakupiga kelele. Aliirudisha polepole jiweni. Alichovya kidole kwenye yale maji yaliyosalia chunguni, akaonja. Akatema. Akaonja tena. Kisha akainua macho, akaangalia juu kule nyumbani kwetu, ambako mama alikuwa anaanika maharage, akaangalia kwa muda mrefu. Halafu akainamisha chungu akamwaga maji yote kwenye majani.

Mbele ya katekista na wazee wa kigango alisimama na nguo ile mikononi. Mama alikuwepo, na nusu ya kijiji.

"Mama, imekuwaje?" Mzee Kapinga aliuliza. "Miaka yote hujaharibu hata kitambaa. Kuna mtu kagusa chombo chako?"

Nilijisogeza nyuma ya watu.

"Nani aguse?" Bibi alisema. "Ni uzee. Ulimi wangu umekufa, sisikii tena ukali. Wapeni wenye macho na unga wao."

Watu waliguna. Wengine, kama nilivyotaka, walicheka. Nguo za altare akapewa mama. Nyumbani, baba alipouliza ile pakiti mpya iko wapi, mama aliniangalia mimi kwanza, kisha akasema, "Panya wameila." Hakuna panya anayekula sabuni pamoja na karatasi yake. Alijua, akala faida na kunyamaza.

Baada ya majuma mawili Bibi alifunga nguo zake na kushuka ziwani, Lipingo, kwa binti yake aliyeolewa huko. Kile chungu kilichotobolewa alikiacha nyuma ya jiko. Nilimtazama kutoka shambani akiteremka, mzigo kichwani, hajageuka. Nilipiga mluzi wa furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na sina wa kumsingizia.

Nilimwona tena nikiwa kidato cha pili, wakati wa likizo. Nilifika Lipingo na kaptula iliyopigwa pasi, nikijiona msomi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amekaa kwenye mkeka unaonuka usipa, wale dagaa wa ziwa letu, waliokuwa wakikauka juani pande zote.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Umekua. Mvua imeacha?"

"Imeacha, Bibi."

Shangazi alileta ugali na mchuzi wa samaki. Bibi alichovya tonge, akatafuna mara moja, akamgeukia binti yake. "Leo umetia chumvi, ukasahau, ukatia tena kidogo." Shangazi akacheka akasema ni kweli, na kwamba tangu Mama aje hapo hakuna anayeweza kumdanganya kwenye chakula, ulimi wake ni wembe.

Nilitazama chini, nikala kwa haraka, nikaaga mapema kuliko nilivyokusudia. Bibi alinisindikiza mpaka mwisho wa uwanja, akiegemea fimbo.

"Mama yako siku hizi anafulia nini?"

"Unga, Bibi."

"Unga si mbaya. Nami naufulia siku hizi, shangazi yako akipata. Maji ya majivu yana kazi yake na unga una kazi yake." Akanitazama usoni. "Ila kifuko kizima ni kingi."

Sikuwahi kumtajia mtu ile pakiti. Nilisema, "Nitamwambia," nikaondoka. Hivyo ndivyo nilivyosema, mimi msomi. Niliporudi ziwani mara ya pili nilikuta kaburi lake lina majani.

Ilinichukua miaka mingine mingi kuelewa sehemu iliyobaki. Nilikuwa mtu mzima nilipoona, katika kijiji kingine, mwanamke akifukuzwa kwake na nyumba yake ikavunjwa, kwa kuwa mama mkwe wake alisema mbele za watu maneno manne tu: "Katia unga chunguni mwangu." Huku kwetu hakuna atakayeuliza ni unga gani; watasikia uchawi. Ndipo nikakumbuka macho ya Bibi yalivyotazama kule juu, kwa mama aliyeanika maharage. Bibi alikuwa na maneno hayo mdomoni, na kijiji kizima kikimngoja ayaseme. Yangemmaliza adui yake kwa mchana mmoja. Hakumpenda mama, wala hakuanza kumpenda siku ile. Alikataa tu kumshindia kwa njia hiyo. Akautoa ulimi wake mwenyewe, akasema umekufa, akaondoka, na ushindi wote akatuachia sisi, nasi tukaula.

Siku ile ya povu, mke wangu hakula mchana. Ilipofika saa kumi alikuwa ametoa begi uvunguni, anakunja vitenge, anasema anakwenda Mbaha kwa dada yake, ambako hakuna mashine wala wenye mashine. Editha alikuwa jikoni, anagonganisha sufuria kwa makusudi. Nilisimama mlangoni mwa chumba nikatazama lile begi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu miguu yangu ikaenda kabla sijaituma.

"Editha, njoo. Na wewe, mama, acha kukunja. Unga nilitia mimi."

Mke wangu alinitazama kama anayetazama nguo iliyoharibika, kisha akalisukuma begi uvunguni kwa mguu. Tangu siku hiyo ananisemesha kwa kupitia kwa Editha: "Mwulize baba mkwe wako kama anakula." Wamepatana kabisa, wamepatana dhidi yangu, na Jumamosi nimewaona wanapaka ovaroli ya makaa sabuni ya maji kwa pamoja, na suruali za shambani wanazisugua kwa unga pembeni, kwenye karai.

Lakini jioni ile Editha, aliponiona bado nimesimama mlangoni, alicheka kwa huruma akanishika mkono.

"Jamani, Baba. Si sabuni tu?"

Ndiyo, ni sabuni tu. Maneno hayo nilipaswa kuyafuata Lipingo zaidi ya miaka hamsini iliyopita, pale mwisho wa uwanja. Aliyekuwa na haki ya kuniambia alikuwa amesimama mbele yangu, ameegemea fimbo, ananingoja nianze kuungama.