Hema la Mtu Mmoja

Mtaani walimwita Mzee Kamba, na jina lilimkaa. Miaka ishirini na sita alikodisha mahema, ya harusi, ya msiba, ya mikutano, na miaka yote hiyo hema lilisimamishwa na watu wawili tu: yeye kulia, mkewe kushoto, turubai limewaziba wasionane. Hawakupigiana kelele. Ukihisi kamba imevutwa mara mbili, ujue mwenzako yuko tayari, nawe vuta. Na wakati wa kukunja kila mmoja alishika pembe zake akamwendea mwenzake, wakakutana katikati, mara nne kwa hema moja. Ugomvi wao mwingi wa nyumbani uliishia hapo katikati, kwa kucheka.

Basi mke akaenda kwa binti yao aliyejifungua. Wiki sita, alisema. Wiki sita! Mjukuu sasa anakimbia na kufukuza paka, na bibi yake bado "anakuja mwezi ujao". Mtaa mzima ulikwisha kuelewa. Mzee Kamba naye alielewa, ila alijifanya hamnazo.

Vibarua aliwajaribu. Huyu anavuta kabla ya wakati, yule ukimvutia kamba anauliza, "Mzee, umeniita?" Akawatimua wote, akaanza kukataa kazi. Nguzo zake za chuma zikabaki zimeegemea ukuta wa uani, kuku wa jirani wakilala juu yake.

Mwishowe, asubuhi moja, akaenda kutazama haya mahema mapya ya kujaza upepo, yasiyo na nguzo. Muuzaji alikuwa dada mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Akamwonyesha mawili, yote makubwa, ya kukalisha watu mia na hamsini. La kwanza kila mrija wake unajazwa peke yake, kwa hiyo lazima mmoja ajaze na mwingine anyanyue. La pili mirija yote imeungana: unachomeka pampu ya umeme mahali pamoja tu, linainuka lenyewe.

"Hili baba unalisimamisha peke yako, tena huku unakunywa chai."

"Na kulikunja?"

Dada akacheka. "Kulikunja? Hapo baba hata sisi huwa tunaitana."

Mwingine angeuliza uimara wa kitambaa. Mzee Kamba alikuwa na swali jingine, la siku nyingi, na mdomo mzito kulitoa. Miaka miwili hakuwahi kumwuliza mkewe: unarudi, au hurudi? Mtu mzima na mvi zake! Sasa akaona amepata njia ya kuuliza bila kuuliza. Akatoka kibarazani, akampigia mkewe simu.

"Mama, nachagua hema. Kuna la kusimamishwa na watu wawili, na kuna la mtu mmoja. Nichukue lipi?"

Kule mtoto alikuwa akipiga kelele, sufuria zikigongana. Sema la wawili, Mzee Kamba aliomba kimoyomoyo. Sema tu la wawili.

"Chukua la mtu mmoja, mzee," alisema mkewe, upesi upesi, kama aliyeulizwa chumvi iko wapi. Kisha akaongeza, taratibu: "Usije ukaumia mgongo."

"Haya."

Alisimama pale mpaka dada wa dukani akatoka kumtazama. "Baba, vipi?"

"Nifungie la mtu mmoja."

Kesho yake akalitandaza uani, akachomeka pampu. Masalale! Hema likajitikisa, likajinyanyua, na chai haijapoa limesimama, jeupe, pana. Ndipo alipoona kwamba mkono wake umeshika kamba ya pembeni. Alikuwa ameishika muda wote, akingoja ivutwe mara mbili. Akaiachia, akaona haya ingawa hapakuwa na mtu. Akaingia ndani, akakalia ndoo, akalia kwa sauti. Nafasi ya watu mia na hamsini, na yeye mmoja.

Simu ikaita.

"Limesimama?"

"Limesimama."

"Na kulikunja je?" Sauti ya mkewe ilikuwa imeshuka.

"Hapo ndipo sijui."



"Nisamehe, mzee. Kila mwezi nilitaka kukwambia, nikashindwa."

"Nilijua. We niambie tu nafanyaje."

"Anza na upande wangu," alisema. Alikuwa analia. "Shika pembe zangu, uzipeleke kwako."

Akatoa upepo, hema likalala chini. Akazunguka mpaka kushoto, mahali ambapo miaka ishirini na sita hakuwahi kusimama, akainama, akazishika pembe za mkewe. Kisha akaanza kwenda nazo upande wa kulia, ambako hapakuwa na mtu wa kuzipokea.