Vyungu Vilivyorudishwa

Nilipokuwa na umri wa kutumwa kaa la moto kwa jirani, kwetu milimani juu ya Matombo, kifafa hakikutajwa kwa jina lake. Watu walisema tu "ule ugonjwa". Waliamini unakaa kwenye povu la mgonjwa, na kwamba anayemshika mtu aliyeanguka, naye ataanguka siku moja. Tena waliamini jambo baya zaidi: mgonjwa akiangukia moto akaungua, ugonjwa umeshaiva ndani yake, na hakuna dawa itakayoutoa, iwe ya mizizi au ya misheni.

Nyumbani kwetu aliyekuwa nao ni Mama Mdogo Tekla, mdogo wake mama. Ulimwanza akiwa mwali, na mchumba wake wa Mlali aliposikia hakukanyaga tena kwetu. Tekla akabaki kwa Bibi. Nami nililelewa hapo hapo, maana kwa sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na nyumba ya Bibi ilikuwa nyumba yetu sote.

Wanawake wengi wa kwetu walijua kufinyanga chungu cha kuivishia maharage. Tekla alikuwa na kitu kingine. Alikaa kando ya ukuta, miguu kainyoosha, akaupandisha udongo kwa vidole taratibu mpaka chungu kikapata tumbo, kisha shingo. Halafu kwa ncha ya mwanzi alichora mabegani mwa chungu mistari ya mashamba yetu ya mteremko, jinsi yanavyoonekana ukisimama mlima wa pili. Siku iliyofuata kuanguka mikono yake ilitetemeka, na mistari nayo ikatetemeka. Hakuifuta.

"Mbona imepinda, Mama Mdogo?" nilimuuliza.

"Ndivyo nilivyoamka leo," alisema. "Nichore ya mtu mwingine?"

Lakini nani angepikia chungu cha mwenye ule ugonjwa? Kwa hiyo Bibi ndiye aliyevibeba kwenda gulioni, akisema ni vyake. Bibi ndiye aliyevichoma pia. Hakumruhusu Tekla kusogelea moto, wala kwenda mtoni peke yake. "Moto na maji, Tekla," alimwambia kila mara. "Hivyo viwili si rafiki zako."

Bibi akirudi gulioni, Tekla alimpokea njiani kabla hata hajautua mzigo.

"Ule mtungi wenye shingo ndefu kachukua nani?"

"Mke wa seremala."

"Akasemaje?"

"Kasema mzuri."

"Kasema yeye, au unasema wewe?"

"Kasema yeye, mwanangu. Nami nikaitikia ahsante, kama mwizi."

Tekla alicheka, lakini sasa najua kicheko kile hakikutoka moyoni.

Ilikuwa miaka ile ya ukoloni, watu walipolazimishwa kuchimba matuta milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Kiangazi kimoja magoti ya Bibi yalivimba, akawa hawezi kutoka kitandani. Vyungu vipya vilikuwa vimekauka, mvua za vuli zinakaribia. Asubuhi moja Tekla aliniambia, "Agata, kusanya nyasi," nami nikakusanya. Alivipanga vyungu, akavifunika kwa kuni na nyasi, akawasha. Alijua kazi hiyo vizuri kwa kuitazama tu kwa mbali.

Wanawake waliokuwa wakienda kwenye matuta wakapita njia ya uani kwetu. Miongoni mwao alikuwepo Mama Yustina, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Akasimama, jembe begani.

"Kumbe siku hizi unachoma wewe?"

"Nachoma mimi, na kufinyanga nafinyanga mimi," Tekla alisema. Nakumbuka alivyonyoosha mgongo.

"Hata kile changu?"

"Hata chako. Vyote."

Mama Yustina akashusha jembe. Tekla alitoa sauti niliyoifahamu, akaanguka, na mkono wake wa kulia ukaingia motoni.

"Msimguse!" mmoja alipiga kelele, nao wote wakarudi nyuma. Bibi alikuwa ndani, anaita. Sikuwaza lolote. Nilimshika miguu nikamvuta, nikashindwa, nikamkumbatia kiunoni nikavuta tena. Alipotoka, kichwa chake kilikuwa kifuani kwangu, na povu lilikuwa kwenye mikono yangu na shingoni. Nilipoinua macho niliwaona wanawake wale wakinitazama. Hawakumtazama Tekla tena. Walinitazama mimi.

Kesho yake kabla jua halijakolea, tulikuta chungu kimefudikizwa ukingoni mwa uwanja wetu. Mchana vikaongezeka. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyetukana. Walikuja, wakatua, wakaondoka. Vingine vilikuwa na masizi ya miaka, kimoja bado kina ukoko wa ugali. Hata mitungi ya Waislamu wa kule bondeni ilirudi. Tekla, mkono umefungwa majani ya mgomba, alikwenda akavigeuza kimoja kimoja, akiwataja wenyewe.

"Hiki cha Mama Yustina," alisema. "Kimelea watoto wake wote. Nani aliugua?"

Bibi alijikokota hadi mlangoni, akaketi kizingitini.

Kuanzia hapo wao walinisubiri mimi nianguke. Shuleni kwenye misheni benchi langu likawa la peke yangu. Na mimi mwenyewe niliamini, nisiseme uongo. Nikijikwaa nadhani ndio huo. Jua likiniwaka usoni kupitia majani ya migomba, moyo unanipasuka. Jioni moja Tekla alinikuta nimejikunyata nyuma ya nyumba.

"Unaungoja?" aliniuliza.

"Naungoja."

Alikaa karibu yangu. "Mimi sikuungoja. Ulinikuta nasukwa nywele, nacheka." Akanifuta vumbi magotini. "Sijui kama utakuja, mwanangu. Ningekuwa najua ningekwambia. Lakini anayengoja na angoje mikono ikiwa na kazi." Akanitia bonge la udongo kiganjani.

Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimejikunja na kushikana. Kwa hiyo mkono wangu ukawa wa kulia, wake ukawa wa kushoto. Mimi nilishikilia tumbo la chungu kwa nje, yeye akalipandisha kwa ndani. Tulivunja vingi. Hatimaye tulipata mtungi mmoja na vyungu vichache vidogo, Bibi akavichoma akiwa amekaa kwenye kigoda. Mtungi ule Tekla aliuchora kwa mkono wa kushoto, mistari ikayumba kuliko wakati wowote. Akaujaza maji, akaniambia niuweke njiani chini ya nyumba, pamoja na kata ya kifuu, kwa ajili ya wapandao mlima.

Watu wa kwetu waliupita mbali, kama mtu anavyokwepa siafu. Tekla alikaa nyuma ya ua wa mabua akisikiliza nyayo. Nyayo zinakuja, zinapunguza mwendo, zinakwenda upande. Siku baada ya siku.

Ndipo akapita mwanamke mgeni, wa Turiani, aliyetoka kumjulia hali ndugu yake vijiji vya juu. Tulisikia kata ikichota. Akanywa, akachota tena. Kisha hatukusikia nyayo zikiondoka, nikachungulia. Alikuwa amepiga magoti, anauzungusha mtungi polepole, kidole chake kinafuata mistari.

"Hodi wenyewe!" aliita. "Nani kafinyanga huu?"

Bibi alimtazama Tekla kumzuia. Tekla alikwisha simama.

"Ni mimi."

"Na hii michoro?"

"Ni mashamba. Ya siku mbaya."

Mgeni aliutazama mkono wa Tekla ulioungua, akautazama mtungi. "Kwetu vyungu vinafinyangwa vingi," alisema, "lakini vimelala. Huu unakwenda." Akaomba kimojawapo cha vile vidogo. Tekla alimpa kile alichokipenda zaidi, nami nikaona mdomo wake unacheza asijue afanye nini nao. Mgeni alikifunga kwenye khanga, akateremka.

Usiku ule Tekla hakula. Njia ya kwenda chini inapita milango ya watu, na watu wana midomo; wangemwambia mgeni ni chungu cha mgonjwa gani, naye angekitupa. Asubuhi nilifuata njia ile bila kutumwa, nikipekua nyasi pande zote mbili mpaka karibu na misheni. Nilirudi miguu imejaa umande.

"Hakuna vigae," nilimwambia.

"Umeangalia na kwenye kijito?"

"Nimeangalia."

Alifunika uso kwa ule mkono mzima, akalia kama mtoto.

Masika yaliyofuata alikwenda mtoni kuchimba udongo. Alikwenda peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa shuleni na yeye hakutaka kungoja. Maji ya pale hayakufika magotini. Bibi ndiye aliyemkuta, amelala kifudifudi, na tonge la udongo bado liko mkononi. Watu walisema kinywa cha Bibi kilikuwa kimetabiri. Mimi nadhani alikuwa tu mama aliyemjua mtoto wake.

Mama yangu mzazi alikuwa safarini, na hakuna aliyetaka kuosha maiti ile. Bibi alikuwa akihangaika peke yake, na mimi namshikia beseni, pale Mama Yustina alipoingia. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Nina watoto, Mama. Niliogopa."

"Najua," Bibi alisema. "Mshike hapo, kichwani."

Akamshika. Alikuwa bado anaogopa, niliona vidole vyake, lakini hakumwachia mpaka tulipomaliza.

Ugonjwa haukunijia. Niliungoja mpaka nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe, na siku ya kwanza niliyosahau kuungoja siikumbuki. Sasa nimesikia kutoka kwa waganga wa hospitali kwamba hauambukizi kwa povu wala kwa chungu, na kwamba dawa zipo. Nilipoelezwa hivyo nilitoka nje nikakaa peke yangu muda mrefu. Siwachukii wanawake wale. Walikuwa na watoto wa kulisha, na hawakuwa na mtu wa kuwaambia vingine.

Kinachoniuma ni kingine. Sisi wa nyumbani tulipikia vyungu vya Tekla mpaka vikatoboka, lakini sisi tulimpenda, na anayekupenda hula hata kwenye kigae. Yeye alitaka mtu asiyemjua anywe, auzungushe mtungi, aulize ni nani. Alimpata mmoja. Ninapoanza kuhesabu mema aliyoyaona mama yangu mdogo duniani huanzia kwa mgeni yule, wala sifiki mbali.