Madebe ya Kasimiri Chini ya Reli

Ninyi mnaopita kwa baiskeli katika handaki la chini ya reli bila hata kupiga kengele, jueni mnapita ndani ya akili ya Kasimiri, fundi bati wa Cheyo, enzi za Mwingereza.

Handaki lile lilikuwa jeusi, hata popo wa mle walitembea wameshikana mabawa wasipotezane. Ukitoka kwenye jua la Tabora ukaingia, macho yanakufa papo hapo. Mchana mmoja Kasimiri aliingia mbio, akamvaa mtu kifua kwa kifua, wakaanguka, asali ikawamwagikia. Walipotambaa hadi nje, lahaula! Mama mkwe wake, Apolinaria, katoka Sikonge na kibuyu chake.

Nasi Wanyamwezi, mwanamume akimwona mkwewe njiani huacha njia kwa heshima, akajitupa porini. Huyu kamlalia!

Apolinaria aliokota kibuyu chake. Alikwenda kwa bintiye Leonia, mke wa Kasimiri. "Funga khanga zako. Utarudi kwa huyu siku nitakayopita mle nikionekana."

Kasimiri akatundika koroboi katikati ya handaki. Kesho yake aliingia kwa adabu, akagonga mtu palepale mdomoni mwa handaki, akapiga magoti.

"Nisamehe, mama!"

"Meee!"

Beberu. Shaban muuza kahawa akaangua kicheko. "Fundi, hongera! Mkwe mpya ana ndevu!"

Mwingine angehama mji. Kasimiri aliketi pale akitazama wapitao. Wote walijikwaa mdomoni. Wakifika katikati, wanaona. Kumbe giza baya ni la kuingilia, jicho likiwa bado limelewa jua.

Akapasua madebe ya mafuta ya taa, akayasugua kwa majivu mpaka yakang'aa, akayaegesha kwenye midomo yote miwili yachote jua na kulitupa ndani: makubwa nje, madogo kadiri unavyoingia, ili jicho lishuke gizani taratibu kama mtu ashukaye kisimani. Popo wakahamia Isikizya. Wawili niliwaona mwenyewe, wamejitwika mikeka.

Kisha Apolinaria akaja. Kasimiri alimwona tangu mbali, akageuka, akabandika uso ukutani kama mjusi. Mama akapita polepole, kichwa juu. Nyuma yake nyayo nyingine zikasimama.

"Mama anasema bati la kushoto limepinda," ilikuwa sauti ya Leonia. "Linyooshe, twende nyumbani."