Kijukwaa cha Kizimbani

Fundi seremala huyu watu walimwita Rula, kwa kuwa hata maneno yake aliyanyoosha kama kwa rula. Kwa kinyozi, msibani, mpaka kwenye foleni ya maji, alikuwa akijipiga kifua: "Anayeua ni mtu mzima. Ahukumiwe kama watu wazima, basi!" Na nani angembishia? Marehemu alikuwa shemeji yake, kachomwa kisu dukani kwake mwenyewe, na aliyemchoma alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu.

Siku ya kuamuliwa kama kesi ibaki mahakama kuu au iende mahakama ya watoto, Rula alikaa benchi la mbele na dada yake mjane. Benchi hilo alilitengeneza yeye. Kizimba pia. Karakana yake ilikuwa nyuma ya jengo hilohilo, na kiti cha mahakama kikilegea, anaitwa yeye.

Mshtakiwa akaingizwa. Jaji akavua miwani, akaivaa tena.

"Mshtakiwa yuko wapi?"

"Yumo, mheshimiwa," akajibu askari.

Juu ya ukingo wa kizimba palionekana kipande cha paji la uso tu. Watu wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka kilichowaleta.

Karani akamjia fundi akinyata. "Fundi, tusaidie. Tafuta kitu mtoto akanyagie."

"Mtoto yupi? Sema mshtakiwa."

Dada yake akamsukuma begani. "Nenda, kaka. Waache wamwone vizuri."

Rula akakimbilia karakana. Kijukwaa cha kiasi kingetosha kabisa, ila yeye alikuwa na hesabu zake: akionekana mrefu, nani atathubutu kumwita mtoto? Akaongeza ubao, akaongeza na mwingine, akapigilia misumari. Kingo akazipiga randa, maana ufundi ni ufundi hata mtu akiwa na hasira. Alirudi anatokwa jasho, amejaa majivuno, akakiweka ndani ya kizimba.

Kijana akajaribu kupanda, mguu haukufika. Akaweka goti. Akaweka tumbo, akakwama hapo, miguu inaning'inia. Akanyoosha mkono bila kutazama, kumtafuta mkubwa yeyote wa kumshika, na aliyekuwa karibu ni Rula. Rula akaudaka. Ulikuwa mdogo, umelowa jasho.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Utaanguka."

Jaji aliandika kwa muda mrefu, halafu akaamuru kesi ipelekwe mahakama ya watoto.

Nje, dada yake hakulia wala hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia Rula hofu.

"Aliyeniulia mume wangu, kaka. Umemwita nani?"

Rula alitaka kusema ulimi uliteleza, lakini uongo huo ukamshinda kuutamka. Akainamisha kichwa, na dada yake akaenda zake nyumbani peke yake.